Siku Jina la Kerubo Lilipofutwa

Gesare mwanangu,

Mama yako amekwisha kukuhesabia masweta mara mbili na kukuambia namna ya kuishi na watu, kwa hiyo hapo mimi sina la kuongeza. Maji uchemshe, mlango ufunge, wakubwa uwasalimie. Hayo unayajua tangu utotoni. Mimi nakuandikia kwa sababu ya uongo niliokuambia Jumatano, tukiwa tumeketi kwenye meza hii hii.

Unaikumbuka siku hiyo. Ulikuwa umerudi kutoka mafunzoni Kisii na bunda lako la karatasi, ukasema msimamizi wenu amewataka mfanye mazoezi ya kuuliza maswali na mtu wa nyumbani kabla hamjatumwa vijijini. Mama yako akasema ana maharagwe jikoni, zamu ikaniangukia mimi. Ukakaa wima, ukaniita "mhojiwa", nikacheka. Ukanieleza kwamba utafiti wenu unahusu watu wanaoandamwa na watu wanaowaandama wenzao: yule anayekufuata njiani, anayekungoja mlangoni, anayeendelea kukutumia ujumbe baada ya kukatazwa, anayeulizia habari zako kwa majirani. Ukasema mnauliza pande zote mbili, aliyefanyiwa na aliyefanya. Na jina la kosa lenyewe hamlitaji, kwa kuwa mkufunzi wenu aliwaonya kwamba mwenye kosa huwa hajitambui kwa jina hilo. Mnauliza vitendo tu.

Sehemu ya kwanza ilikuwa nyepesi. Hakuna kiumbe aliyewahi kuniandama mimi isipokuwa yule jogoo wa jirani, na hukutaka kumwandika. Kisha ukafungua sehemu ya pili. Je, umewahi kumngoja mtu mahali unapojua atapita, ilhali yeye hataki kukuona? Je, umewahi kutumia kazi yako au marafiki zako kujua mtu yuko wapi? Je, umewahi kuendelea kumfuata mtu baada ya yeye kuhama? Maswali yalikuwa tisa, nami nikajibu hapana mara tisa. Ukaweka alama zako vizuri, ukafunga karatasi, ukasema, "Tata, wewe ungewaharibia watafiti kazi. Huna kosa hata moja." Kisha ukaenda jikoni kumsaidia mama yako.

Gesare, jibu la kweli ni ndiyo, karibu kwa yote tisa.

Nakuandikia kwa Kiswahili wala si kwa Ekegusii tunachozungumza humu ndani, kwa sababu katika lugha yetu mimi ni fundi wa kujitetea. Ninajua pa kuweka mzaha, ninajua pa kupumua, na nikimaliza hata wewe utacheka. Kwa Kiswahili nimezoea kuandika ripoti za kazi. Leo nataka niandike ripoti.

Wakati ule sijamjua mama yako. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, karani wa vituo vya kununulia majani chai upande wa Kebirigo. Kazi hiyo unaijua, maana niliendelea nayo hadi ukamaliza shule: wakulima wanaleta majani mabichi, wewe unapima, unaandika jina na kilo, lori linakuja kuchukua. Kwa kijana wa siku zile, kalamu mfukoni na mizani mbele yake vilitosha kumvimbisha kichwa. Nilijiona mtu wa maana sana.

Kerubo nilimwona kwenye makambi, lile juma la kila mwaka ambapo sisi watu wa Sabato hukusanyika kutoka makanisa mengi na kukaa chini ya maturubai tukisikiliza mahubiri. Alikuwa akiimba sauti ya pili katika kwaya ya kanisa lao. Nilirudi nyumbani nikisema nimempenda, na hata kumsalimia nilikuwa sijamsalimia. Wazazi wangu wakalifanya jambo kwa utaratibu, wakamtuma esigani. Kizazi chenu mmeliacha neno hilo, basi nikukumbushe: esigani ni mshenga, mtu wa katikati anayekwenda kwa kina msichana kuuliza na kurudi na jibu. Wazee wetu hawakumweka mtu huyo kwa upuuzi. Msichana akikataa, anamkatalia esigani. Halazimiki kumtazama usoni yule anayemkataa, na kijana naye haaibiki mbele yake. Kila mmoja anabaki na heshima yake, na maisha yanaendelea.

Jibu lilikuja baada ya wiki mbili. Esigani wetu, ambaye alikuwa shangazi yangu, alimaliza kwanza kikombe chake chote cha chai, kisha akasema msichana hataki. Hana ubaya na sisi, ila hataki, yuko katika kujifunza ushonaji na anapenda amalize. Baba yangu akasema sawa. Mama yangu akasema sawa. Ni mimi peke yangu niliyeona kwamba shughuli ndiyo kwanza imeanza.

Usidhani nilikuwa jambazi. Ningekuwa jambazi ningejijua. Nilikuwa kijana nadhifu, sinywi, sivuti, sijawahi kumpandishia mtu sauti. Kila rafiki niliyemweleza alinipiga bega, akasema msichana aliyelelewa vizuri hakubali mara ya kwanza, na ukikata tamaa mapema watasema hukuwa na nia. Nikajipa moyo. Nikaanza kutumia nilichokuwa nacho mkononi, yaani kazi yangu.

Chai huchumwa kwa mizunguko, wewe mwenyewe umechuma na unajua. Shamba lililochumwa leo hurudiwa baada ya siku kumi hivi, au zaidi kidogo kukiwa na baridi. Mwenye daftari la kituo anaweza kujua kila boma litachuma lini. Nilifungua ukurasa wa kwao, nikahesabu siku, na kila mzunguko wao ulipofika nilibadilishana kituo na karani mwenzangu ili niwepo Kerubo atakapoleta majani. Nilimpimia polepole kuliko wengine. Nilimuuliza habari za nyumbani, nikamtajia wimbo alioimba, nikamwambia rangi ya nguo aliyovaa makambini. Yeye alijibu "nzuri" huku akitazama mizani. Baada ya miezi michache akaacha kuja. Akawa anakuja mama yake, na nilipomuuliza kama binti anaumwa, yule mama akasema haumwi, anachuma kama kawaida ila hapendi kuja kupima.

Fikiria jambo hilo, Gesare. Mtu anachuma majani tangu alfajiri, kisha anaogopa kuyaleta kwenye mizani. Mimi nilikwenda nyumbani nikawaambia rafiki zangu kwamba ana haya, nao wakasema hiyo ni dalili njema.

Ndipo nikahamia kanisa lao. Unajua kwetu mtu hahami kanisa kama anayebadilisha kinyozi. Unaomba barua ya uhamisho wa ushirika. Jina lako linasomwa mbele ya kanisa Sabato mbili. Panatajwa unakotoka na unakokwenda, na washiriki wanainua mikono kukupokea. Mzee Nyambane, aliyekuwa mzee wa kanisa letu, alifurahi nilipomwambia nataka kwenda kusaidia kwaya ya jirani zetu. Akasema ni vijana wachache wenye moyo wa kujitolea kama wangu. Sabato ya pili nikasimama mbele ya kanisa lao, karani akauliza wanaonikubali wainue mikono, na mikono ikainuka kila upande. Kerubo alikuwa benchi la tatu upande wa akina dada. Mikono yake ilikuwa mapajani. Niliona vizuri kabisa, maana sikuwa natazama kitu kingine.

Alikaa miezi minne akiwa na mimi kwaya moja. Kisha wazazi wake wakampeleka kwa dada yake mkubwa aliyeolewa upande wa Nyansiongo, wakisema huko kuna fundi mzuri wa kumfundisha cherehani. Na kwa kuwa alikuwa binti wa kanisa, asiyependa kuonekana anapotea, naye akaomba barua ya uhamisho kama inavyotakiwa. Karani akasimama akasoma: Dada Kerubo anahamia kanisa fulani, karibu na Nyansiongo. Nilikuwa nimeketi pale pale nikisikiliza. Utaratibu uliowekwa ili muumini asipotee ndio ulioniambia mahali pa kumtafuta.

Nilingoja wiki sita ili isionekane vibaya. Ndiyo, nilijua inaweza kuonekana vibaya. Hilo ndilo linalonichoma hadi leo. Kisha nikaomba kazini nihamishiwe vituo vya huko, nikapata, nikaomba barua ya pili. Na huko nako nikasimama mbele, na huko nako mikono ikainuka.

Kerubo alinifuata baada ya ibada. Nilikuwa chini ya mti wa mwisho uani, ninafunga viatu. Dada yake alisimama hatua chache nyuma yake. Sikuwahi kumsikia Kerubo akisema maneno mengi kwa pamoja, na hakuyasema kwa hasira.

"Ndugu, nilikwambia kupitia kwa esigani," akasema. "Nikakwambia kwa kuacha kuja kituoni. Nikakwambia kwa kuhama nyumbani kwa baba yangu. Sasa nakwambia kwa mdomo wangu. Sikutaki. Umebakisha wapi pa kuambiwa?"

Nataka ujue nilifanya nini na maneno hayo, kwa kuwa ndicho kitu cha aibu kuliko vyote katika barua hii. Nilirudi nilikopanga chumba nikiwa na furaha. Nilijiambia kwamba hatimaye amezungumza nami. Nilimwandikia barua ya kurasa tatu kumshukuru kwa kuwa mkweli, nikaichomeka chini ya mlango wa chumba cha fundi wake wa cherehani. Nikaandika nyingine wiki iliyofuata. Nikawa napita mbele ya chumba hicho nikienda kazini, ingawa njia ya kazini ilikuwa upande mwingine.

Sabato moja Kerubo hakuonekana kanisani. Na ya pili. Fundi wake akasema ameondoka na hakusema anakwenda wapi. Safari hii hakuomba barua. Alikuwa ameelewa kwamba barua itanisomea mimi pa kwenda, kwa hiyo njia pekee ya kunitoroka ilikuwa kutoroka bila jina lake kuandikwa mahali popote. Alichagua kupotea. Mimi nilimuulizia kwa dada yake, dada yake akanifungia mlango usoni. Nikamuulizia kwa wenye maduka, kwa wanakwaya, kwa wazazi wake nilipokwenda likizo. Baba yake alinisikiliza akiwa amesimama langoni. Alisema tu kwamba zamani alikuwa na mabinti wawili nyumbani wakati wa mavuno, mkubwa akaolewa kwa heshima, na huyu wa pili sasa hajui aliko, akaondoka.

Mwaka ukapita, na kidogo zaidi. Kanisa likanifanya shemasi, kwa bidii yangu. Ukafika wakati wa kupitia kitabu cha washiriki, na mzee wa kanisa la huko akasoma majina ya wale wasiojulikana waliko. Akasema dada huyu Kerubo alipokewa hapa kwa furaha, ametafutwa, ameandikiwa, hajajibu. Yaonekana amerudi nyuma na kuichagua dunia. Akaomba kanisa lipige kura ili jina lake lifutwe. Dada yake alikuwa ameketi karibu na dirisha, mtoto mgongoni. Aligeuka akanitazama mimi, wala si mzee aliyekuwa akizungumza.

Niliinua mkono, Gesare. Nilikuwa mbele kwenye kiti cha mashemasi, kila mtu ananiona, na niliinua mkono pamoja na wengine. Nilikuwa nimekasirika kwamba aliondoka bila kuniaga. Watu waliofuta jina lake hawakujua walichokuwa wakifanya; walifuata kitabu. Mle ndani tulikuwa wawili tu tuliojua ni kwa nini kiti chake kilikuwa wazi, dada yake na mimi. Dada yake alinyamaza kwa sababu nani angemsikiliza, mwanamke dhidi ya shemasi. Mimi sina sababu.

Baadaye nilichoka. Ningependa kukuambia kwamba nilitubu, lakini nilichoka tu. Nikarudi Kebirigo, shangazi akatumwa tena, kwa kina mama yako. Hapa usije ukawaza vingine. Jibu la Moraa lilirudi siku ya tatu, nalo lilikuwa ndiyo, na mama yako huyo unavyomjua hakuna awezaye kumlazimisha hata kuweka chumvi. Tulioana, ukazaliwa wewe, nikawa mtu mwema kama unavyonijua. Kerubo nilimweka pembeni, nikimkumbuka nilimhurumia kidogo na kujihurumia sana.

Ulipokuwa na miaka sita, mkulima mmoja kituoni alitaja kwamba yule mwimbaji wa zamani anauza mitumba katika soko la Daraja Mbili, mjini Kisii. Hakuwa na lengo; ni mazungumzo ya foleni. Mimi nikamwambia mama yako nakwenda Kisii kukutafutia sweta la shule. Njiani nilipanga maneno yangu. Ningemwambia nilikuwa kijana, nilikuwa mjinga, anisamehe. Nilijiona mwema mno siku ile, hata nilikaa kiti cha dirishani nikitazama mashamba na kujipongeza.

Nilimpata mwisho wa safu ya nguo za watoto. Alikuwa amenenepa kidogo, kitambaa kichwani, anakunja suruali na kuzipanga. Niliinama nikachukua sweta la kijani ili nionekane mteja. Akainua uso aseme bei. Akaniona. Hakupiga kelele. Aliweka chini ile suruali, akasimama, akapita katikati ya marundo ya nguo akienda kasi, na sikumwona tena. Nguo zake zilibaki pale peke yake, na watu wanapita.

Mwanamke aliyeuza karibu naye akanitazama kuanzia viatu hadi kofia. Aliniuliza kama nimetumwa na kanisa. Akasema kama ni kanisa nimwache, maana hajakanyaga kanisani tangu wajuane, na Jumamosi akisikia watu wanaimba hufunga redio na dirisha. Nikasema mimi ni mtu tu wa zamani, nataka kumwomba msamaha. Akaanza kuzikunja nguo za mwenzake.

"Huyu mama haachi nguo zake hata mvua ikinyesha," akasema. "Leo ameziacha. Enda, ndugu yangu. Usipoenda hatarudi."

Nilirudi nyumbani bila sweta. Nilimwambia mama yako yote, tangu esigani hadi sokoni, kwa mara ya kwanza. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikata. Nilitazamia anilaumu kwa yale ya Nyansiongo, na kumbe alilolishika lilikuwa la siku ile ile. Aliniuliza, "Ulikwenda ili yeye apate nafuu, au upate nafuu wewe?" Akaniambia nisimuulizie tena mtu yeyote habari za Kerubo, kwa wema wala kwa ubaya, maana hata msamaha nimekwenda kumwandama nao. Kisha hakuzungumza nami siku nne, na wewe ulidhani anaumwa jino.

Niliacha ushemasi. Nilikwenda mbele ya baraza la kanisa la kule Nyansiongo, nikawaambia Kerubo hakurudi nyuma, nilimfukuza mimi, na kwamba kitabu chao kimeandika uongo kwa mkono wangu. Mmoja akasema ujana ni moshi. Wakasema mambo hayo ni ya zamani, dada mwenyewe akija watampokea, wakapiga magoti wakaniombea mimi. Nilitoka hapo nimefarijiwa na wazee saba. Yeye hakuna aliyemwombea hata kwa jina.

Sijui anaishi wapi sasa. Sijui kama bado anauza nguo au kama ana watoto. Kutojua huko ndicho kitu pekee kizuri nilichowahi kumfanyia, na ninakilinda.

Kwa nini nakuambia leo? Kwa sababu mmepangiwa Borabu, na Nyansiongo iko katika orodha yenu. Utakwenda nyumba kwa nyumba ukijitambulisha kwa jina letu. Huenda mlango mmoja ukafunguliwa na dada yake, au na yeye mwenyewe kama amerudi, au na mtu aliyekuwa ameketi kanisani siku ile. Sikutaka uje ukamsikia karani wa chai katika simulizi ya mtu mwingine, kalamu yako ikiwa juu ya karatasi, na umtambue ni nani. Hiyo ingekuwa dhuluma ya pili, na wewe hukunikosea lolote.

Ikitokea hivyo, usiniombee msamaha. Usimwambie kwamba baba yako amebadilika, wala kwamba analia, wala kwamba anakusalimu. Sikutumi. Ukiona uso wake umebadilika baada ya kusikia jina lako, mwambie asante, funga karatasi zako, ondoka, na mwache mwenzako mwingine aandike kwamba nyumba hiyo haikutaka. Mmefundishwa kurudi hadi mara tatu kwenye nyumba ambayo hamkukuta mtu, ulinieleza. Hilo ni sawa. Lakini aliyekutwa akasema hapana amekwisha jibu, na hakuna utafiti duniani unaohitaji hapana yake mara mbili.

Na kwa wale watakaokubali kusema, kuna jambo moja ninalolijua mimi ambalo mkufunzi wenu pengine halijui kwa ngozi yake. Utakutana na wanaume wenye sauti nzuri, wenye kukukaribisha chai, watakaojibu hapana tisa huku wakitabasamu. Usiwachukie, lakini usiziamini nyuso zao. Uliutazama wangu miaka ishirini na minne. Na utakutana na wanawake watakaosema halikuwa jambo kubwa, alinipenda tu, watu walicheka. Hapo usicheke. Mwache anyamaze kadiri anavyotaka. Kila mtu niliyemjua wakati ule alicheka, na kila kicheko kilinipa nguvu za kwenda tena.

Limebaki jambo moja, nalo ni la wiki hii. Jana, ulipokwenda kuwaaga kina nyanya yako, nilifungua simu yako nikanakili namba ya msimamizi wenu na ya mama mwenye nyumba mtakayopanga. Nilijiambia ni mapenzi ya mzazi, nitapiga mara moja moja kuuliza kama umefika, kama umekula, unarudi saa ngapi, unatembea na nani. Nilizikariri hata kabla ya kuziandika. Nilipokuwa naziingiza kwenye simu yangu, nilizitambua zile hisia. Ni furaha ile ile ya kufungua daftari na kuhesabu siku. Nimezifuta. Karatasi nimeitia motoni, mama yako akiona.

Kwa hiyo sina njia ya kukufikia isipokuwa ile utakayonipa. Barua hii nitaiweka juu ya nguo zako, si chini, ili usije ukasema nilikuvizia nayo. Ukitaka kuisoma kesho kabla ya kuondoka, isome. Ukitaka kuniuliza jambo, niulize, hata kama ni mbele ya mama yako. Ukitaka kuondoka bila kunipa mkono, nitaelewa, na nitakubebea sanduku hadi langoni tu.

Nakupenda, Gesare, na ninaogopa sana kesho. Ukikasirika, kasirika kwa muda wote unaokutosha. Wiki, mwezi, hata mwaka. Sitamtuma mama yako akupelelezee, sitapita huko kwa kisingizio cha kazi, sitamwomba mchungaji akuite. Simu yangu itakuwa imewashwa. Ukipiga, nitapokea. Na usipopiga, hilo nalo nitakuwa nimelisikia.

Ni mimi,
Tata